Mkia wa Jeshi

Meza ni mlango.
Tuliung'oa bafuni kwa Kapaya, hapa Isevya,
tukaulaza juu ya ndoo nne za asali
(zimejaa, hazitikisiki)
na kitasa tumekiacha: leo kitasa ni kisima.

Vilima ni magunia ya mkaa yaliyokunjwa.
Reli ni zipu ya jaketi la marehemu kaka yake.
Miombo ni vijiti vya mswaki
vilivyochomekwa katika udongo wa kichuguu.

Askari tuliwafinyanga kwa nta, jioni kumi na saba,
tukiunguza vidole na kulaumiana.
Wadachi wana kofia za rangi ya kucha.
Wabelgiji hawana, rangi ilikwisha.
Chini ya kofia uso ni ule ule:
nta yote ilitoka mzinga mmoja, Sikonge.

"Septemba, mwaka wa kumi na sita,"
Kapaya anasoma kwa sauti ya kutangaza treni.
"Jeshi linaihama Tabora. Mkia unabaki kilimani."
Yeye leo ni Mbelgiji.
Mkia ni mimi.

Kanuni ziko nyuma ya kalenda ya ushirika wa tumbaku.
Ya kwanza: mkia haushindi,
mkia unachelewesha.
Nikishika kilima raundi nane, yangu imetimia,
hata akibaki mmoja,
hata asibaki.

Dadu. Tano. Mbili. Anapuliza kiganja, tano tena.
Bombom yangu ikakwama raundi ya tatu.
Saa nane jua likaingia dirishani,
nta ikalegea,
na askari wangu wa kushoto wakaanza kuinama
bila kupigwa risasi.
"Hawa tunawahesabuje?"
"Wamechoka," nikasema. "Aliyechoka bado yupo."

Na barabarani, nyuma ya kilima,
choroko mia mbili na arobaini.
Hao ndio wapagazi.
Hatukuwafinyanga. Nta haikutosha, tulisema.
Mwendo wao nusu ya mwendo wa askari,
ndiyo maana mkia unakufa polepole:
unawasubiri.

Babu yake mama, Mihambo, alikuwa choroko mojawapo.
Daftari lenye jina lake sijaliona.
Mama aliliona kovu, akiwa mtoto,
begani, limenyooka kama ukingo wa sanduku,
na kila mavuno mzee alilisimulia upya:
mara alitua mzigo mtoni,
mara mzigo ulimtua yeye.

Raundi ya sita nikaomba kalamu.
Nikaandika pembezoni, kati ya bei ya mbolea na Idi:
*mpagazi akipata sita, anatua mzigo, anatoka mezani.*

Kapaya akaisoma mara mbili.
"Hii kitabuni haimo."
"Haimo."
"Nani atawarushia wote?"
Sikujibu.
Akavuta kigoda, akanisogezea dadu. "Basi rusha."

Tukarusha.
Wabelgiji wake wakangoja pale pale, mguu mmoja hewani.
Moja, nne, nne, tatu. Sita.
Kila sita naiokota choroko, naitia mfukoni.
Umeme ukakatika, tukawasha tochi ya simu,
umeme ukarudi, hatukuuona.
Thelathini na nane.

Kilima kikaanguka raundi ya saba.
Raundi moja tu, Kapaya akanicheka,
akanihurumia, akanicheka tena.
Askari wangu wa mwisho alikuwa amelala juu ya bombom
amegandana nayo,
ikabidi kumbandua kwa kisu.

Nyamizi akaja na sufuria,
akazoa choroko zote za barabarani bila kuuliza nani ni nani,
akazipeta, akaziosha.
Tukala. Nilikula, ndiyo. Nilikuwa na njaa.

Usiku nikarudi Cheyo kwa miguu, nikavuka reli.
Mfukoni zile thelathini na nane
ziligongana kila hatua, taratibu,
kama watu wanaosemezana gizani
wasitake kusikika kilimani.