Chokaa ya Alhamisi

Saa kumi na moja alfajiri Tukuyu bado iko chini ya ukungu;
mbwa wa ghala la kahawa simwoni, nasikia tu akikohoa.
Natoka na ndoo ya chokaa, kamba ya katani, vigingi viwili,
nachora uwanja kabla haujawa gulio:
hatua mbili kwa mbili, mraba kwa mraba, na njia katikati
ipite toroli, apite mgonjwa,
lipite gari la zimamoto
ambalo halmashauri haijanunua.

Sheria ndogo imebandikwa mlangoni kwa mtendaji, kwa uji wa sembe.
Panya wameshaanza kifungu cha kwanza.
Nimeisoma yote nikisubiri posho,
na posho huchelewa, kwa hiyo ninayo kichwani.
Gulio ni Alhamisi, saa moja hadi saa kumi na mbili.
Asitandaze mtu nje ya mstari.
Kipaza sauti kisilie upande wa zahanati.
Kibali hakiazimwi, hakigawanywi, hakirithiwi.
Hilo la mwisho liliongezwa alipofariki bibi Tusajigwe,
wakaja watoto wake watano na karatasi moja.

Mraba wa kumi na nane ni wa Gwantwa.
Kibali chake kinasema: viazi mviringo.
Hakisemi chai. Lakini birika lipo, nyuma ya debe,
limevishwa sweta la mtoto.
Bwana Lusekelo, afisa biashara, alikunywa vikombe viwili,
akapangusa sharubu, ndipo akauliza:
"Hii chai ina kibali?"
"Hii siuzi, bwana afisa. Nakopesha."
Tukacheka, naye akacheka,
ila kwenye daftari aliandika kitu.

Ipyana wa ushuru alikosa mtandao.
Akapanda juu ya tangi bovu, mashine kainyanyua mkono mzima,
mia tano za watu zikisubiri risiti mfukoni mwake.
Mvua ikamsikia kabla ya mnara.

Si mvua ya kusimulia. Ni ile yetu ya kila siku,
huingia bila hodi, ikakaa kama shemeji.
Chokaa yangu ikawa maziwa, ikashuka mtaroni;
kumi na nane ikaingia kumi na tisa,
njia ya zimamoto ikateremka kwenda Kyela.

Ndipo akatokea mama mmoja na tenga la mafyulisi,
katoka juu mlimani kwa miguu, hana namba, hana karatasi,
akaketi palepale katikati.
"Mwondoe," akasema afisa, kutoka chini ya mwavuli.
Nikamwendea. Mama, nikasema, umekaa njiani.
Akatazama matope ya kulia. Akatazama ya kushoto.
"Mstari uko wapi, mwanangu?"
Nami niliyeuchora,
vidole bado vinawasha chokaa,
nikakosa pa kuvielekeza.

Gwantwa akavuta debe lake pembeni, bila neno.
Kibali hakukigawa. Alisogea tu.
Wa kumi na tisa naye akasogea, akinung'unika,
maana si malaika, na dagaa wake walikuwa wamelowa.
Mama akaingia na tenga lake kama jino linalorudi mahali pake.

Saa kumi na mbili nikapuliza filimbi.
Kifungu cha tisa: kila mtu afagie mraba wake.
Miraba haikuwepo.
Wakafagia hivyo hivyo,
kila mmoja mpaka fagio lake likagota fagio la jirani.

Alhamisi iliyofuata nikakuta ukurasa wa saba mlangoni, uji bado mbichi:
Endapo mvua itanyesha, mistari itahesabiwa kuwa ipo.
Chini yake sahihi, na muhuri,
na duara la kahawia
la kitako cha kikombe.