Herufi Iliyokaa Chini

Usiku wa leo sichongi tena.
Tupa imerudi kwenye kopo lake,
vumbi la mjakaranda nimelifagia hadi nje ya mlango,
na rangi ya manjano, mikono mitatu, imekauka
bila alama hata moja ya kidole.
Zimebaki stika.

Nyalenda umeme umekatika tangu saa moja.
Taa ya sola nimeiegemeza kwenye kopo la sukari,
maji vuguvugu nimeyatia kwenye kisosi cha mama,
kile chenye waridi lililokwanguliwa na vijiko.
Karatasi nilichapishiwa Kibuye, na kijana wa saiba
aliyeniuliza mara mbili:
"Herufi ndogo hivi, mzee, nani atazisoma?"

Naikata 5 kwa wembe. Naizamisha.
Nahesabu hadi ishirini, polepole.
Ukiivuta kabla haijaachia, inapasuka;
ukichelewa, inajikunja yenyewe majini
usijue kichwa wala miguu.
Kibano ni cha nyusi, cha dada yangu Mikal,
ameniapisha kirudi kabla ya Jumapili.

5 imekaa. Y imekaa.
Chini ya mstari kumeingia kiputo cha hewa;
nakitoboa kwa sindano, natia tone la siki,
na stika inalainika, inaushika mwili wa ndege
kama shati lililolowa mvua.
A. Kisha G.
Kisha nasimama.

Ndege hii ilikuwa ikinyunyizia miwa dawa,
ikiondoka Kisumu kabla umande haujakauka,
Muhoroni, Chemelil, na kurudi inanuka.
Baba, Zablon Ogwang', alikuwa fundi wake.
Picha iliyobaki ni moja:
baba kando ya ndege, ovaroli imefungwa kiunoni,
anacheka kama mtu aliyeshinda kesi ya shamba.
5, Y, mstari, A, G,
halafu bega la baba.

Nimelitazama bega hilo kwa kioo cha kukuzia
mpaka likawa vitone vitupu.
Magurudumu nimeyapata, ni mipira ya chupa za sindano.
Kioo cha rubani nimekikunja kwa mshumaa
kutoka chupa ya maji.
Waya wa redio ni unywele wa Mikal, mmoja, hajui.
Ila herufi, wapi?
Baba hayupo wa kuulizwa,
na daftari za kiwanjani, waliniambia, ziliingiwa na maji.

Mama akatoka jikoni anapangusa mikono.
"Mbona umeacha pengo, kama jino?"
Nikamweleza.
Mama Rispa hakusomeshwa; jina lake huliweka kwa dole gumba.
Akainama juu ya ndege, akanusa siki, akakunja uso.

"Majina ya hizo herufi siyajui.
Lakini chakula cha baba yako nilikipeleka mimi, kila saa saba,
nikamngoja kwenye kivuli cha bawa,
na mbele yangu hakukuwa na kingine cha kutazama.
Ya mwisho ilikuwa mtu amekaa chini.
Mgongo wima, miguu kainyoosha mbele.
Nikawa nasema, huyu naye anangoja."

Sikumjibu.
Nikaitafuta kwenye karatasi, pembeni, karibu niitupe:
L.

Hesabu ishirini. Kibano kikatetemeka,
nadhani ni mkono.
Ikateleza juu ya manjano, ikatua
kombo kidogo, imeegemea nyuma
kama mtu aliyekaa tangu asubuhi.
Ilikuwa bado mbichi, ningeweza kuinyoosha.
Sikuigusa.

Kesho nitapaka vanishi,
na kwa wanja nitachora masizi ya ekzosi
kuanzia puani hadi chini ya bawa,
maana ndege safi kabisa haijawahi kufanya kazi.

"Ndiye huyo," mama akasema,
akainama tena, akaipulizia
taratibu, mashavu yamejaa,
vile apulizavyo uji wa mgonjwa.