Chemchemi ya Pili

Ukiitwa mezani, nenda polepole.
Mwamuzi anayekimbia hufika ameshahukumu.

Nilijifunza hilo Jumamosi moja ya Aprili,
chumba cha nyuma cha duka langu la fotokopi, Majengo, Moshi,
mvua imeshika bati, mashine nimeizima kupisha maneno,
meza sita, watoto kumi na wawili,
na chupa ya chai ya tangawizi, yangu peke yangu.

Mkono uliopanda ulikuwa wa Namkunda.
"Mwalimu, amelaza Chemchemi mbili. Zamu moja."

Lini?

"Zamu tatu zilizopita."

Elinami aliinamia karata zake
kama mtu anayehesabu chenji akiwa ameshafika nyumbani.
Kweli, zilikuwa mbili, zimelala ubavu kwa ubavu,
na kwa maji ya ile ya pili alikwishamnywesha Mbega wa Rau
(Mbega aliyempata kwa kutoa karata tano na daftari jipya),
na Mbega alikwishamuua Nyati wa Namkunda,
na kifo cha Nyati kilikwishampa Namkunda karata mbili,
akazisoma, akazichanganya na nyingine mkononi.

Haya, rudisha.
Uanzie wapi?
Nyati utamfufua, sawa, yupo pale kwenye rundo la wafu,
kona yake moja imekunjika.
Chemchemi utaiinua.
Lakini zile karata mbili zimeshaonekana,
na jicho halina mfuko wa kurudishia.
Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki;
hawakusema tumfanyeje aliyelowana.

Kitabu cha kanuni kina kurasa kumi na tisa.
Ukurasa wa kumi na moja: kosa likionekana papo hapo, rudisheni.
Likikawia, liacheni lilipo, mwonyeni aliyekosea, mchezo uendelee.
Nikamwonya Elinami. Masikio yake yakashika moto.
"Nilisahau, mwalimu," akasema, na nilimwamini,
maana mwizi huficha, na yeye alizilaza hadharani.

Nilikuwa nimeshageuka, mawazo yako kwenye chai,
ndipo swali likanijia, dogo, karibu la kijinga.

"Namkunda, wewe uliiona lini?"

Mvua ikapata nafasi ya kusema.

Akakunja mguu chini ya kiti.
"Alipoilaza."

Kumbe aliibeba zamu tatu nzima,
ile chemchemi ya mwenzake,
kama mtu abebavyo mwavuli:
jua likiwaka, haufungui.
Nyati wake alipokufa, ndipo akaufungua.

Baba yangu alipima kahawa ya chama kule Kibosho, miaka kumi na minne.
Mzani ulikuwa unameza robo kilo kwa kila gunia.
Hakuuharibu yeye.
Aliujua tu.
Nilikuwa na umri wa Namkunda nilipomsikia usiku
akimwambia mama, "Sikuuharibu mimi,"
na mama hakujibu, akaendelea kuchambua maharage,
moja moja, yakilia kwenye sufuria.

Ukurasa wa pili wa kitabu, chini kabisa,
kuna mstari ambao watoto huuruka: meza ni ya wote wawili.
Nikausoma kwa sauti. Nikamwonya na Namkunda,
neno lile lile, uzito ule ule.
Akasema si haki, yeye hakuvunja kitu.
Nikamwambia najua.
Sikuwa na jibu lingine, na mpaka leo sina.

Wakaendelea, pua zao zimevimba kwa hasira.
Nilisimama kando.
Zamu ya Elinami ilipofika, alichomoa Chemchemi,
akaishika juu kidogo ya meza, haijagusa kitambaa,
akamtazama Namkunda. Hakunitazama mimi.

"Moja," Namkunda akahesabu, bila kuinua uso.

Akailaza.

Nani alishinda, sikumbuki.
Meza ya nne mtu alikuwa amenyoosha mkono,
na chai yangu, nadhani, waliinywa.