Mbwa wa Amboni

Alhamisi, kundi langu la mwisho: watoto thelathini na mmoja
wa darasa la sita kutoka Pongwe,
soksi nyeupe zishakula tope.
Nawasha tochi. Inameni, nawaambia,
mlango huu haujui cheo, hata mkubwa hujikunja.
Utani huo nina miaka mitatu nao.
Wazungu huucheka kwa adabu, watoto kwa kelele,
mimi siusikii tena.

Nawaonyesha meli, nawaonyesha mamba,
nawaonyesha kochi. Yote mawe,
maji yaliyodondoka hadi yakachoka kuwa maji.
Kisha kisa cha mbwa, kisa kinacholeta bakshishi:
zamani watu wawili waliingia humu na mbwa wao,
watu hawakuonekana tena,
na mbwa, wanasema, akatokea Mombasa.
Wengine wanasema Kilimanjaro.
Mimi huchagua kwa kuangalia
wageni wanaelekea wapi kesho yake.

Begi langu limeshafungwa. Kilo ishirini na tatu.
Mama alilipeleka kwa Semboja, mnunuzi wa chuma chakavu,
mzani ukasema limezidi,
akatoa viatu, akaacha pilipili.
Shahada ya utalii iko chini kabisa, bahasha ya kaki,
somo la Ukarimu nilipata A.
Mkataba uko juu, karibu na mkono:
Maskati, hoteli ya ghorofa kumi na nne,
kazi: mhudumu wa vyumba.
Nilipouliza habari ya mapokezi,
wakala wa Barabara ya Nane alifuta jasho.
"Anza na mashuka, Mwantumu. Mapokezi yatakufuata."
Akagonga muhuri kama anayeua mbu.

Usidhani sikupiga hesabu.
Mwezi mmoja wa mashuka kule
ni miezi saba ya mapango hapa, msimu ukiwa mzuri,
na msimu mzuri nausikia kwa walionitangulia.
Mama hajasema usiende.
Alisema tu, "Kumbe ulisomea kupokea wageni
ili ukawe mgeni,"
akaendelea kukuna nazi kama hakusema kitu.

Tanga tuna msemo wetu: waja leo, waondoka leo.
Twausema kwa maringo,
kana kwamba waondokao ni watu wengine siku zote.

Nazima tochi. Hii nayo ni sehemu ya kazi,
dakika moja ya giza lenyewe.
Hata watundu hunyamaza. Popo wanajipanga upya.
Na kutoka upande wa kushoto, sauti nyembamba:

"Dada, na yule mbwa, alirudi?"

"Mbaruku, acha maswali," mwalimu anasema.

Miaka mitatu. Wajerumani, Wahindi, mapadri,
wajumbe wa wizara na madaftari yao,
wote walitaka kujua alitokea wapi.
Hata kwenye mtihani halikuwemo.
Kidole gumba kiko juu ya swichi. Sibonyezi.
Ningeweza kusema alirudi, nani angenipinga?
Mombasa yenyewe naitia na kuitoa nipendavyo.

"Sijui," nasema. "Hakuna aliyebaki mlangoni kumngoja."

"Basi labda alirudi, akakuta hapana mtu,"
anasema yule mtoto, bila huzuni,
kama anayesahihisha hesabu ya mwenzake.

Nawasha. Wote wanafumba macho kwa mpigo.
Tunatoka kulekule tulikoingilia,
wao mbele, mimi nyuma nikihesabu vichwa:
thelathini na mmoja. Nahesabu tena.

Usiku nikamwambia mama, Jumapili
usinisindikize stendi. Wewe baki mlangoni.
"Kwani mlango utaibiwa?" akauliza,
akaivuta mbuzi yake ya nazi
akaketi papo hapo, kizingitini,
siku tatu kabla ya safari.