Weupe wa Gome

Baba amenionya nisiubamize mlango:
mezani kuna kitu kimelala.

Ni chupa iliyokuwa ya matango ya siki,
imeoshwa hadi ikasahau siki,
na ndani yake spiriti imegeuka rangi ya chai ya jana.
Chini yametuama magome ya koivu, yale ya nje tu,
yanayobanduka kama kurasa,
ya mti ulioangushwa na tufani ya Oktoba
nyuma ya maegesho ya magari.
Alimwandikia msimamizi wa jengo kuomba ruhusa.
Barua nzima, kwa ajili ya maganda!

Miaka thelathini na minane Veijo Hakkarainen
alikuwa mtu wa weupe.
Kiwandani, idara ya kupausha,
alilinda matangi marefu kuliko kanisa letu,
rojo la miti likiingia hudhurungi, likitoka theluji,
na mto ukipokea masalio,
povu likipita chini ya daraja mchana kutwa
kama kondoo wasio na mchungaji.
Tulikula kwa povu lile. Tulivaa. Nilisomeshwa nalo.
Sikumsikia akilisifu,
sikumsikia akililaani.

Sasa ana miaka sabini na mmoja
na jiko la umeme la sahani mbili.
MOTO WA WAZI MARUFUKU, ameandika kwenye friji,
kana kwamba yupo mwenzake wa zamu ya usiku.
Dirisha li wazi, nje nyuzi kumi na tisa chini ya sifuri,
naye jikoni mwake amevaa koti na kofia ya manyoya,
chupa imeketi ndani ya sufuria ya maji moto,
anaikoroga polepole,
anaikoroga, anachungulia, anaikoroga.

Jaribio la kwanza lilizaa tope.
Liligandia chujio la kahawa, likanuka msitu ulioungua.
Daftarini aliandika neno moja, akalipigia mstari:
*haraka.*

Hili la pili alilichuja likiwa bado la moto,
akaliweka dirishani, akaenda kulala
bila kulala.

Asubuhi akaniita kwa mkono, kimya,
kama mtu aliyemwona sungura bustanini.
Ndani ya chupa kulikuwa na sindano.
Nyembamba, nyeupe, zimeshikana kama pamba,
barafu isiyojua kuyeyuka.

"Ni dawa?"
"Wapo wanaosema."
"Utaiuza?"
Akanitazama kama niliyemuuliza bei ya usingizi.

Kisha akachukua kipande cha gome lililokwisha kukamuliwa,
akakiweka kiganjani mwangu.
Kilikuwa na rangi ya kiatu cha zamani.
"Koivu hakupakwa weupe, Tellervo.
Alikuwa nao ndani yake, unashikika, una uzito.
Sisi kule tulifuta hudhurungi tu,
tukakiita weupe kile kilichobaki."

Hayo ndiyo maneno mengi kuliko yote
aliyowahi kuniambia kuhusu kazi yake.
Akageuka upesi, akashughulika na faneli.

Zilikuwa na umanjano kidogo, hakuridhika,
akaziyeyusha upya, akazigandisha upya.
Kila kusafisha ni kupoteza, alisema, hilo kiwanda kilinifunza.
Akapima kwa mizani ya mama, ile ya unga wa mkate:
gramu sita.
Mizani ile chini ya gramu kumi hubahatisha.
Tukakubaliana ni sita.

Nusu iko kwangu Tampere, kichupani, juu ya rafu,
kibandiko kwa mwandiko wake: tarehe,
na chini yake *isiliwe.*
Nikiitikisa haitoi mlio.
Pembeni yake pana karatasi za kuchapia, ramu mbili,
na siku hizi, nikichomoa moja,
nasita kidogo kabla ya kuandika.

Jana amepiga simu. Hakuuliza hali.
Anataka maganda ya vitunguu, vile vyekundu,
nisitupe hata kimoja,
nimwekee kwenye mfuko, nije nao Ijumaa.