Mikono Ishirini na Tano

Tupo watu kumi na watatu,
lakini juu ya jalada la daftari, kwa wino uliochujuka kwa mvua,
imeandikwa: Kikundi cha Mikono Ishirini na Tano.
Niliandika mimi, katibu.
Nilitaka ishirini na sita, inakaa vizuri mdomoni,
ila mweka hazina wetu, Asangalwisye,
aliyeuacha mkono wa kushoto kiwandani
mashine ya chai ilipomvuta shati,
alisema: Hesabu vizuri, dada.
Hatuanzi kikundi kwa uongo.

Mtu mmoja sokoni Tukuyu akatutania:
Kidole kimoja hakivunji chawa.
Asangalwisye akamwinulia kiganja:
Mimi ninavyo vitano. Leta chawa.

Kila Jumamosi saa moja asubuhi,
ukungu ukiwa bado umelalia migomba
na mlima Rungwe haujaamua kama utaonekana,
tunakutana kijitoni.
Magogo ya zamani yalichukuliwa na mvua za Aprili,
watoto wa shule wanavuka na viatu kichwani.
Halmashauri ilikuja, ikapima, ikapiga picha,
ikaondoka na kamba yetu.
Basi Subilaga huleta mianzi,
Mama Ngonile sufuria la viazi na maharage,
na Ambakisye huleta redio,
isiyokamata kitu huku bondeni,
lakini huileta.

Faini ya kuchelewa ni mia tano.
Fungua ukurasa wowote: faini zote, ukitoa tatu,
zina jina moja, Lusekelo.
Saa mbili kasorobo utamwona anashuka mteremko,
suruali imelowa magotini, koti linanuka moshi.
Hajitetei. Anatumbukiza sarafu
kwenye kopo la maziwa ya unga, anashika sururu.
Tulimsema sana. Nilimsema mimi kuliko wote.
Tuliponunua misumari kwa fedha za kopo
tuliicheka ikiwa bado kwenye karatasi:
Huu hapa usingizi wa Lusekelo, kilo mbili.
Naye alicheka.

Jumamosi ya pili ya Julai, baridi ya kukata masikio,
nilidhani nimefika wa kwanza.
Nikamkuta amekaa juu ya gogo, sururu mapajani.
Wenzangu wakaja mmoja mmoja, wakapiga makofi,
Ambakisye akasema leo jua litatokea Malawi.
Lusekelo akasimama,
akatoa mia tano, akaitumbukiza.

Asangalwisye akamwambia: Chukua hela yako, leo umewahi.

Hapa, ndiyo, akasema.

Hakuongeza.
Ni Subilaga aliyetueleza, tukipanda kilima,
habari za Bibi Tupokigwe wa nyumba ya mwisho,
ambaye si ndugu wa Lusekelo wala mkwewe;
habari za ndoo mbili na moto wa kuni mbichi,
na kumgeuza bibi ubavu wa pili, taratibu,
kila alfajiri, kabla ya kuja kwetu kutozwa.
Kumbe Subilaga alijua.
Alikatazwa kusema.

Udongo wetu ni mweusi, jembe linazama bila ugomvi,
ila ukifika kiunoni kuna mawe
yaliyotapikwa na mlima enzi ambazo hatukuwepo.
Tulichimba hadi saa sita.
Asangalwisye alitoa mawe kwa mkono wake,
moja baada ya jingine, akiyapanga pembeni
kana kwamba kesho tutayadaiwa.
Mama Ngonile alipakua viazi. Hakuna aliyetania chumvi.

Jioni nilifungua daftari.
Kazi ya daraja: haikuendelea.
Sababu: nikaiacha wazi, iko wazi mpaka leo.
Kwenye safu ya faini nilitaka kufuta,
Asangalwisye akanizuia kalamu:
Ametoa. Iandike.
Nikaandika mia tano, Lusekelo,
na mbele yake, mahali pa kuandika kosa,
nikachora kistari.

Wiki ijayo tunalaza mbao za katikati.
Mwenye misumari ya inchi nne aje nayo.
Saa moja kamili.