Maji ya Saba

Mwaka karafuu zilipokataa, Bi Zuwena
alipelekwa Konde kwa shangazi yake, na mimi nyuma,
mlinzi wa heshima ya mwari,
mwavuli mkononi, umri arubaini kasoro moja,
sijaposwa hata kwa mzaha.

Penye mihogo palikuwa na msasi, Faki wa Kombo,
akifunza mbwa watano wa kuwindia nguruwe.
"Keti!" akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi.
Watano wakaketi.
Nami nikaketi.

Zuwena alicheka hadi akapaliwa.
Faki hakucheka. Akaniangalia pale chini:
"Na wewe, bibiye, nani aliyekufunza?"

Mbwa wa tano, Msitucheke jina lake,
akaja akalilamba pindo la kanga yangu.

Usiku, kisimani, nikafua kama nilivyosomeshwa:
udongo kwanza, kisha maji, nikihesabu kwa sauti
ili walio ndani wanisikie.
Nne. Tano. Sita.
Ya saba nikaimwagia migomba.

Asubuhi nikamwambia Zuwena
mwavuli nimeusahau kule mihogoni,
naurudia mara moja.

Ulikuwa uvunguni mwa kitanda changu.